Nilimshika mtoto kidevu, mama yake akaondoka analia

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 27, nina studio ndogo hapa Moshi mjini, huu mwaka wa nne. Napiga pasipoti, harusi, kipaimara na mahafali, na siku zisizo na kazi nazunguka mashuleni. Nakusoma siku nyingi, ila kuandika ndiyo mara ya kwanza.

Mwezi wa nane nilipata kazi kwenye shule moja ya msingi yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Walitaka picha ya kila mtoto peke yake, halafu moja ya pamoja. Nilifunga pazia la bluu darasani, nikasimamisha flashi mbili, kiti katikati, kama ninavyofanya shule zote. Watoto wa madarasa ya kawaida nawamaliza 40 kwa saa moja, kwa hiyo wale 14 nao nikawapangia saa moja.

Wa tatu alikuwa mvulana wa kama miaka minane. Mama yake alikuwepo, akaniambia, "Huyu ana usonji." Nikajibu, "Hamna shida," kwa sababu kusema kweli sikujua usonji (autism) na picha vinahusiana vipi. Mtoto alikaa vizuri tu kwenye kiti, ila macho yote yako kwenye feni la darini. Nikapiga makofi. Nikapiga mluzi. Hakugeuka. Nikamfuata, nikamshika kidevu, nikamgeuza uso kwenye kamera, nikarudi mbio nikapiga. Flashi ilipowaka alipiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Akaziba masikio, akajitupa chini, akaanza kujigonga kichwa sakafuni. Mwalimu ndiye aliyewahi kuweka kiganja chake kati ya kichwa na saruji. Mama yake akambeba, akaondoka analia. Hakunitukana wala hakusema neno, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Pesa yake niliirudisha kupitia kwa mwalimu.

Sasa shule nyingine imenipigia simu. Wana sherehe ya kufunga mwaka mwanzoni mwa Desemba. Kitengo chao kina watoto 23: wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy), wawili wenye ualbino, viziwi wanne, na mmoja asiyeona. Nilitaka kukataa, mwalimu wao akasema, "Ukikataa na wewe, nitawapiga kwa simu yangu kama kila mwaka." Nikakubali, lakini roho inadunda.

Nimetafuta mafunzo. Kuna mtu mtandaoni anauza kozi ya kupiga picha watoto wa namna hii, siku mbili za video na cheti juu yake, kwa dola 350. Kwangu hiyo ni lenzi nzuri iliyotumika. Mama, nilipe? Kama si huko, mtu kama mimi anajifunzia wapi? Na yule mama wa kwanza, nimtafute au nimwache apumzike?

Mpiga picha, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu.

Usilipe kwanza. Sina ugomvi na kozi. Mafunzo ya kweli ya kazi hii yapo duniani. Kule Marekani lilianzishwa shirika la Special Kids Photography of America kwa ajili ya kuwafundisha wapiga picha kazi hii hii unayoiulizia. Lakini mwalimu wako wa kwanza alishasimama mbele yako mwezi wa nane akakupa somo kwa maneno matatu: "Huyu ana usonji." Wewe ukamjibu hamna shida. Hapo ndipo kazi ilipoharibika, kabla hata hujagusa kamera. Yule mama alikuwa anasubiri umuulize: Anapenda nini? Anaogopa nini? Sauti inamsumbua? Mwanga je? Anakubali kuguswa na mgeni? Angekujibu yote kwa dakika tatu, bure. Kozi ya video haimjui mtoto wake, na wenye usonji hawafanani.

Turudi kwenye lile darasa, maana naona bado hujaelewa kilichotokea. Mtoto aliyeangalia feni hakuwa amekukaidi. Chumba kigeni, pazia geni, mtu mgeni, na katika hayo yote kuna kitu kimoja kinachozunguka vilevile bila kubadilika. Alijishikiza hapo ili aweze kukaa kwenye kiti chako, na alikaa vizuri, umesema mwenyewe. Kisha ukamletea makofi, mluzi, na mkono usoni bila kubisha hodi. Kwa watoto wengi wenye usonji sauti ya ghafla si kelele tu, inauma, na mguso mwepesi usoni unaweza kuwa mbaya kuliko kushikwa kwa nguvu. Juu ya hayo ikaja flashi, ambayo inawaka, inatoa mlio, halafu inapiga "piip" ikijichaji. Yote ndani ya dakika moja.

Ungefanyaje? Feni liko juu, mtoto anatazama juu. Ungezima flashi, ukasogeza kiti karibu na dirisha, ukapanda juu ya dawati ukapiga kutokea kule kule anakotazama. Uso ulioinuliwa kwenye mwanga wa dirisha ni picha nzuri kuliko hiyo ya kidevu kilichoshikwa. Nani alituambia picha ya mtoto lazima macho yaangalie lenzi? Ni pasipoti inayodai hivyo. Mama hadai. Mama anataka amwone mwanawe anavyokuwa akiwa ametulia.

Lenzi ndefu itakusaidia sana hapa. Ukiwa na ya milimita 85 au 70-200, unasimama mbali, mtoto anabaki na nafasi yake. Kama kamera yako ina shata ya kimya, isiyotoa mlio ukipiga, iwashe. Na wiki moja kabla, mpelekee mwalimu picha nne: yako ukitabasamu, ya kamera, ya kiti, ya pazia. Walimu wa vitengo hivi wanatumia kadi za picha kila siku, "kwanza hiki, halafu kile". Yeye atapanga: kwanza kiti, halafu picha, halafu kile anachokipenda mtoto. Siku ukifika, wewe si mgeni tena, ni yule mtu wa kwenye kadi.

Sasa kuhusu wapi pa kujifunzia. Uko Moshi, na Chuo cha Ualimu cha Elimu Maalumu Patandi kiko Tengeru, barabara ya kwenda Arusha. Hapo ndipo wanapofundishwa walimu wa watoto hawa. Nenda ukajitambulishe, waeleze shida yako kama ulivyonieleza mimi. Lakini darasa lako kubwa liko kwenye hiyo shule iliyokupigia. Mwombe mwalimu mkuu asubuhi tatu. Siku mbili za mwanzo usibebe kamera. Kaa nyuma ya darasa, saidia kugawa uji, tazama mwalimu anavyomwita kila mtoto, anasimama upande gani, anamgusa wapi, anaacha nini. Andika kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila mtoto. Siku ya tatu njoo na kamera, waache waishike, waibonyeze, wakupige wewe. Usipige picha ya kazi hata moja.

Nakwambia haya kwa sababu mimi, mpiga picha mwenzako, nilijifunza kwa kuumiza mtu. Enzi za filamu, miaka mingi nyuma, mama mmoja alimleta binti yake mwenye mtindio wa ubongo kwenye kiti mwendo cha mbao alichochongewa na fundi wa mtaani, kina mito ya kitenge pembeni. Nikamwambia, tumtoe humo tumkalishe kwenye stuli yangu, apendeze. Tukamtoa. Mwili wote ukakakamaa, miguu ikapishana kama mkasi, kichwa kikaenda nyuma, akaanza kulia bila sauti. Mama akamrudisha kwenye kiti chake taratibu, akamkaza mkanda, akanitazama, akasema, "Dada, hiki kiti ndiyo miguu yake. Unamkata miguu ili apendeze?" Nilipiga picha ile na kiti kikaonekana chote, mito ya kitenge na yote. Ndiyo picha waliyoitundika sebuleni.

Kwa hiyo mtoto wa kiti mwendo usimtoe, usimnyooshe, usimfungue mkanda. Mwombe mwalimu au mzazi aweke nyonga zake nyuma kabisa ya kiti na miguu ipate pa kukanyaga. Mwili ukishapata egemeo, mikono nayo inalegea, na uso unafunguka. Wewe kaa chini sakafuni, kamera iwe usawa wa macho yake. Usimwite kutoka pembeni. Baadhi ya watoto hawa wakigeuza kichwa upande mmoja, mkono wa upande huo unanyooka wenyewe bila kutaka. Anayemwita asimame nyuma yako, kichwa chake juu tu ya lenzi. Wala usimshtue kwa sauti ukidhani atacheka, kwa sababu akishtuka mikono yote inaruka. Udenda ukitoka, mpe mama nafasi afute, piga, subiri tena. Na ukimuuliza jambo, subiri jibu. Wengi wanaelewa kila neno, ila mdomo unachelewa. Hesabu mpaka kumi moyoni kabla hujadhani hakusikia.

Wale wawili wenye ualbino: mwanga mkali unawaumiza macho, kwa hiyo usiwaweke wakitazama jua wala dirisha. Kivuli cha mwembe kinatosha. Macho yao mara nyingi yanachezacheza, na mtoto anainamisha kichwa upande fulani kwa sababu upande huo macho yanatulia na anaona vizuri zaidi. Wapiga picha tunapenda kusema "nyoosha kichwa". Usimwambie. Kwenye picha ya pamoja, pima mwanga kwenye ngozi nyeupe zaidi, kisha waongezee mwanga wenzake wenye ngozi nyeusi kwa ubao mweupe wa kurudisha mwanga, la sivyo yeye atatoka karatasi tupu isiyo na sura. Kama mtapiga nje, wakumbushe wazazi mafuta ya jua na kofia. Nyie wa Moshi mna bahati, mafuta ya Kilisun yanatengenezwa hapo hapo kwenye kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC.

Na hapa naomba unisikilize kwa makini. Picha za watoto hao wawili usiziweke kwenye ukurasa wa studio yako zikiwa na jina, beji ya shule wala mahali. Zima na alama ya mahali inayojiandika ndani ya picha. Unajua nchi hii ilipita wapi, unajua kwa nini watoto wenye ualbino walihamishwa makwao wakakusanywa kwenye shule za bweni. Picha nzuri yenye jina la kijiji inaweza kuwa ramani.

Kwa watoto wengine wote pia, ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kusambaza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kutumika, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Tengeneza karatasi mbili: moja ya kupiga na kukabidhi picha, nyingine ya kuitumia kwenye biashara yako. Mzazi akisaini ya kwanza tu, mshukuru na usimwulize kwa nini. Na mtoto mwenyewe akigeuza uso, akiweka mkono mbele, hilo ni jibu hata kama mzazi amesaini.

Viziwi wanne hao ndio watakaokufurahisha, kama hutaharibu mwenyewe. Usisimame dirisha likiwa mgongoni kwako, uso wako utakuwa mweusi na wao wanasoma uso. "Moja, mbili, tatu" hawaisikii, ihesabu kwa vidole. Jifunze ishara kumi kutoka kwa mwalimu wao: habari, jina, subiri, nzuri, tena, imekwisha, asante, na nyingine utakazoona zinahitajika. Utakaporudi watakupa jina lako la ishara, na hapo umeshapokelewa. Jina la viziwi wanalikubali wenyewe, hata chama chao kinaitwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Lakini maneno kama kilema na kiwete, yanayomwita mtu kwa ki- ya vitu kama kiti na kisu, usiyatumie, wala "zeruzeru". Kwenye orodha yako andika jina la mtoto. Likihitajika zaidi, andika mtoto mwenye usonji, mtoto asiyeona.

Na huyo asiyeona, mpe kamera aishike, asikie shata, apapase lenzi. Usimwambie "angalia hapa". Simama pale unapotaka uso wake uelekee, ongea naye, atakugeukia. Usidhani picha si yake kwa kuwa hataiona. Yeye ndiye atakayempelekea bibi.

Kuna mambo ya usalama ambayo ungepaswa kufundishwa siku ya kwanza. Uliza kila mzazi kuhusu kifafa. Wako wachache ambao mwanga unaowakawaka mfululizo unawaletea kifafa, kwa hiyo flashi za kupiga mfululizo usizitumie kabisa, mwanga wa dirisha au taa inayowaka muda wote vinakutosha. Maputo ya mpira usipeleke: watoto waliozaliwa na mgongo wazi wana mzio wa mpira wa asili mara nyingi kuliko watu wengine, na mzio huo unaweza kuua. Na mtoto mwenye hali ya Down (Down syndrome) usimrushe juu wala usimpindushe kichwa chini miguu juu ili acheke, kwa sababu baadhi yao mifupa ya juu ya shingo haijashikana imara. Wanacheka bila kurushwa. Wengine watakukumbatia kabla hujafungua begi.

Jambo jingine nje kidogo ya swali lako, lakini siwezi kuliacha. Siku yoyote, kwa mtoto yeyote mdogo, ukiona picha ya flashi jicho moja limetoka jekundu na jingine jeupe kama la paka usiku, usilirekebishe kwenye kompyuta ukanyamaza. Mara nyingi ni pembe tu ya mwanga, lakini inaweza kuwa saratani ya jicho. Mwite mzazi pembeni, mwonyeshe, mwambie ampeleke kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Ikiwahiwa inatibika.

Kwenye kuhariri, makamasi na udenda ondoa, kama ambavyo ungemfutia mtoto yeyote. Sura usiguse. Jicho lililolala, kovu la kwenye kichwa, kifaa cha kusikia sikioni: viache mpaka mzazi aseme. Yupo mpiga picha wa mitindo wa New York, Rick Guidotti, ambaye miaka ya tisini alimwona msichana mwenye ualbino kituo cha basi, akaona ni mrembo. Akaenda kumtafuta kwenye vitabu vya udaktari ili amwelewe, akakuta picha za watoto waliosimamishwa ukutani, wamefunikwa macho kwa mstari mweusi. Ugonjwa umepigwa picha, mtoto hayupo. Mwaka 1998 akaanzisha Positive Exposure, na tangu hapo anapiga watu wenye hali hizo akianza na wao. Nimekutajia huyu kwa sababu hakuanza na vifaa vipya. Vifaa alikuwa navyo, kama wewe.

Kuhusu muda: watoto 23 si saa moja na nusu. Omba siku mbili, asubuhi tu, watoto wakiwa hawajachoka. Dakika ishirini kwa kila mmoja, na nafasi kati yao. Wapo watakaomaliza kwa dakika tatu, na yupo ambaye hatapigika siku hiyo, utamrudia kesho yake. Picha ya pamoja ipigwe kwa makundi ya watano watano, si wote mstari mmoja juani. Bei yako iwe ile ile ya watoto wengine. Ukiona muda unakula faida, mwambie mwalimu mkuu kabla, kwa uwazi, msiende mkadaiana baadaye. Hizo dola 350 ziweke. Ukishamaliza kazi hii utajua mwenyewe ni kitu gani bado hujakijua, na ndipo utafute kozi inayofundisha hicho.

Mwisho, yule mama. Mtafute. Usimpigie moja kwa moja, namba yake hakukupa wewe. Mwombe yule mwalimu aliyeweka kiganja amuulize kama anakubali kuongea nawe. Akikataa, ishia hapo. Akikubali, usimweleze kuhusu flashi wala kazi ilivyokuwa nyingi. Mwambie, "Uliniambia ana usonji, mimi sikukuuliza. Nisamehe." Kisha nyamaza, umwache aseme, hata kama atasema kwa hasira, hata kama atalia tena. Usimwombe nafasi ya kupiga upya. Kama siku moja ataitaka picha yenyewe atakwambia, na siku hiyo uende wewe nyumbani kwao, bila taa, bila pazia, umuulize mtoto anapenda kukaa wapi. Nadhani kutakuwa na feni.

Mama